NANI ATAMLIPA WAKILI?



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliyestaafu alisimama, akauliza swali moja tu, kisha akaketi. Alisema hivi: "Mtu wetu akipigwa na askari wa kukodiwa, nani atamlipa wakili?" Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti aliendelea na ajenda, nasi tukarudi katika habari za marupurupu. Lakini swali lile halikutoka mioyoni mwetu, na leo twataka kulijibu katika gazeti letu hili dogo.

Wengi wenu mwajua kilichomfanya mzee aulize. Ndugu yetu mmoja wa kundi la matengenezo ya njia alikuwa akirudi nyumbani jioni kwa miguu, kando ya reli, kama tufanyavyo sote. Upande mmoja palikuwa na shamba kubwa. Askari wa kampuni ya ulinzi iliyokodiwa na shamba hilo walimkamata wakisema ni mwizi. Alikuwa amevaa koti la kazi na alikuwa na spana mkononi. Wakasema spana ile ni ya kufungulia uzio. Walimpiga kwa rungu hata mkono wake wa kuume ukavunjika mahali pawili. Hatutalitaja shamba lile wala kampuni ile, kwa sababu jambo hilo halikufika mbele ya hakimu, na sisi si mahakimu. Lakini mkono tuliuona, na mpaka leo hauwezi kuinua nyundo.

Alikwenda kwa meneja wa shamba, akaambiwa askari wale si watu wa shamba, ni watu wa kampuni. Alikwenda kwa kampuni, akaambiwa askari wale walivunja amri na wamekwisha kuachishwa kazi. Alikwenda kwa wakili mjini. Wakili alimsikiliza kwa adabu, kisha akataka fedha za kufungua faili. Tulipitisha kofia mara mbili. Fedha za kwanza zilikwenda hospitali. Za pili zilikwenda kwa karo ya watoto, maana mshahara ulikuwa umepungua. Alipopata mwishowe fedha za wakili, aliambiwa kwamba muda umekwisha.

Ndugu, sheria ya Kenya yasema hivi: mtu aliyeumizwa na mwingine sharti afungue kesi ya fidia kabla miaka 3 haijaisha. Na kama mshtakiwa ni serikali, muda ni miezi 12 tu. Ndugu yetu hakushindwa na mwenye shamba wala hakushindwa na kampuni, kwa kuwa hawakusimama naye kortini hata siku moja. Alishindwa na kalenda, wakati akitafuta shilingi.

Sasa tazameni njia yetu ya reli kutoka Nairobi hadi Nanyuki, ile iliyofufuliwa mwaka 2020. Mambo makubwa ya namna hii yametokea karibu na stesheni zetu wenyewe.

Tuanze Thika. Mwaka 2023 magazeti ya Uingereza yalichapisha madai ya wanavijiji kwamba walinzi wa shamba la mananasi la Del Monte waliwapiga watu, na kwamba wengine waliuawa. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliacha kuajiri walinzi wake yenyewe, ikatoa kazi ya ulinzi kwa kampuni ya G4S. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo ni mabaya. Twasema tu kwamba kila mara kazi ya ulinzi inapotolewa kwa mkataba, mtu aliyeumizwa huwa na milango miwili ya kubisha badala ya mmoja, na kila mlango waweza kumwelekeza kwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu yetu.

Tukipanda kidogo twafika Makuyu, kwenye mashamba ya Kakuzi. Huko watu kadhaa, wanaume kwa wanawake, walidai kwamba walinzi wa shamba waliwadhulumu kwa miaka mingi. Madai yalikuwa ya kupigwa, ya kunajisiwa, na ya kuuawa kwa mtu. Mawakili wa London, Leigh Day, waliipeleka kesi Uingereza dhidi ya Camellia, kampuni kubwa yenye hisa nyingi za Kakuzi. Oktoba 2020 maduka makubwa ya Uingereza, Tesco likiwa mojawapo, yalisimamisha kununua maparachichi ya shamba hilo. Februari 2021 Camellia ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza jambo hilo, gharama za mawakili zikiwa ndani yake. Yalikuwa mapatano, si hukumu.

Tukifika Nanyuki twakuta jeshi la Uingereza. Hao si askari wa kukodiwa, ni jeshi la serikali, lakini somo ni lile lile. Machi 2021 moto uliteketeza maelfu ya ekari za Lolldaiga wakati wa mazoezi yao. Watu wa huko walikwenda kortini, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikataa hoja kwamba korti ya Kenya haina uwezo wa kusikiliza. Mwaka 2025 Uingereza ililipa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,723. Pigeni hesabu wenyewe: ni kama pauni 375 kwa mtu mmoja, baada ya miaka 4 ya kungoja. Na familia ya binti wa Nanyuki aliyeuawa mwaka 2012 ilingoja hadi 2019 ndipo hakimu aliyechunguza kifo hicho atamke kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza.

Katika mambo hayo yote kuna jambo moja ambalo watu hawalisemi sana. Wengi husema, "Haki imepatikana kwa sababu korti ya London ni nzuri." Sisi twasema: jambo lilisonga mbele pale tu palipokuwa na mtu aliyekubali kulipa gharama kabla ya kujua kama atashinda. Wakili wa Uingereza aweza kufanya mapatano na mteja kwamba asiposhinda hatalipwa. Akishinda, hulipwa zaidi. Zamani ziada hiyo ilitozwa yule aliyeshindwa. Tangu Aprili 2013 sheria yao imebadilika, na ziada hutoka katika fidia ya yule aliyeumizwa. Kwa hiyo wakili huyo huchagua kesi kama mfanya biashara achaguavyo mali. Kesi yenye watu wengi na kampuni tajiri huchukuliwa. Kesi ya mtu mmoja mwenye mkono uliovunjika kando ya reli haichukuliwi.

Hapa Kenya ni vigumu zaidi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakikubali mapatano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda. Sababu yake ni kwamba wakili asiigeuze kesi kuwa mchezo wa kamari. Ni sababu ya heshima. Lakini maana yake kwetu ni kwamba mfanya kazi sharti awe na fedha kwanza, na ndizo hizo asizo nazo.

Wazee wetu walijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 2009 wazee watano walioteswa katika kambi za miaka ya Hali ya Hatari waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imekusanya maneno yao na majina ya mashahidi. Wataalamu wa historia waliingia katika nyaraka, na nyaraka zilizokuwa zimefichwa zikatolewa. Jaji alisema mara mbili, 2011 na 2012, kwamba kesi yaweza kusikilizwa ingawa miaka mingi imepita. Juni 2013 serikali ile ilitamka masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, gharama zikiwa ndani.

Ikaja kesi ya pili ya watu zaidi ya 40,000, wengi wao wa pande zetu hizi za Mlima Kenya. Ilisikilizwa kwa siku zaidi ya 200. Mwaka 2018 ilitupwa, kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno na ushahidi ulikuwa umefifia. Wazee wale walisema kweli kama wenzao wa kwanza walivyosema. Lakini mzee wa miaka 80 hawezi kukumbuka sura ya askari wa mwaka 1954 kama angeikumbuka mwaka 1955. Laiti pangalikuwapo mtu wa kuandika maneno yao mapema, na fedha za kumlipa mwandishi huyo.

Tuende mbali kidogo, kwa maana hata vijana wetu wamefika huko. Wakati wa vita vya Iraq Marekani ilikodi makampuni ya askari wa binafsi, na vijana wa Kenya na Uganda walikwenda kulinda kambi kwa mikataba ya makampuni ya namna hiyo. Tarehe 16 Septemba 2007 walinzi wa kampuni ya Blackwater waliwapiga risasi raia katika uwanja wa Nisour, Baghdad, wakafa watu 17. Walinzi wanne walipatikana na hatia katika korti ya Marekani mwaka 2014. Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe, wakatoka.

Mwajua maana yake? Kesi ya jinai ni mali ya serikali, na serikali yaweza kuiacha au kusamehe. Kesi ya madai ni mali ya aliyeumizwa, na hakuna rais awezaye kuisamehe kwa niaba yake. Wairaki watatu waliofungwa katika gereza la Abu Ghraib walifungua kesi ya madai mwaka 2008 dhidi ya CACI, kampuni iliyopeleka watu wa kuhoji wafungwa huko. Kesi ilitupwa ikarudishwa, ikatupwa tena ikarudishwa. Novemba 2024 wazee wa baraza wa korti ya Virginia waliamua kwamba kampuni iwalipe dola milioni 42. Miaka 16! Ni nani katika watu watatu hao angaliweza kumlipa wakili kwa miaka 16? Hakuna. Aliyewabeba ni Center for Constitutional Rights, chama cha mawakili cha New York kinachoendeshwa kwa michango ya watu. Kuna waliotoa kidogo na kuna waliotoa kingi, lakini chungu hakikukauka.

Mwaka huo huo wa 2008 serikali 17 zilikutana Montreux, Uswisi, zikakubaliana juu ya hati inayosema kwamba serikali zina wajibu juu ya makampuni ya askari wa kukodiwa. Ni karatasi nzuri. Lakini karatasi haimlipi wakili.

Basi, ndugu, jibu letu kwa mzee ni hili. Hatuwezi sisi wafanya kazi wa reli kulipia kesi ya London. Tukisema twaweza tutakuwa waongo. Lakini shilingi ya kwanza yaweza kuwa yetu, na shilingi ya kwanza ndiyo inayookoa kesi. Ni shilingi ya kwenda polisi siku ile ile na kupata namba ya kitabu. Ni ya fomu ya P3 na daktari wa kuijaza. Ni ya picha ya jeraha kabla halijapona. Ni ya nauli ya mashahidi, na ya wakili wa kuandika barua ya kwanza na kufungua jalada kabla kalenda haijafunga mlango. Mambo hayo yakiwa tayari, wakili mkubwa au shirika la haki litaweza kuichukua kesi. Yasipokuwapo, hata tajiri wa Ulaya hawezi kuturudishia ushahidi uliokwisha kuoza.

Kwa hiyo twaleta pendekezo hili katika mkutano mkuu ujao: tuanzishe Mfuko wa Sheria, kila mwanachama atoe Shs. 20 kwa mwezi mbali na ada ya kawaida. Wanachama 500 wakikubali, ni Shs. 10,000 kwa mwezi na Shs. 120,000 kwa mwaka. Si fedha za kujenga ghorofa, lakini zatosha kuwasimamisha watu kadhaa kila mwaka mpaka mlango wa korti.

Twajua maneno mtakayotuambia, na twataka kuyajibu mapema.

La kwanza, mtasema mfuko utaliwa. Hofu hiyo ni ya haki, maana sote tumewahi kuona mfuko ukiliwa. Twapendekeza akaunti iwe mbali na ile ya chama. Watunzaji wawe watatu wasio na cheo, mmoja wa Sagana, mmoja wa Kiganjo na mmoja wa Nanyuki, na fedha zisitoke bila sahihi zao zote. Hesabu ibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi, na wakili asilipwe bila risiti. Na kanuni za chama zibadilishwe wazi katika mkutano ili msajili wa vyama asikute kasoro.

La pili, mtasema serikali inao msaada wa sheria. Ni kweli, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mwanachama anayestahili tumpeleke huko kwanza, na mfuko umlipie nauli. Vile vile Katiba ya 2010, kifungu cha 22, yaruhusu chama kwenda kortini kwa niaba ya wanachama wake pale haki za Katiba zinapovunjwa, na kesi ya namna hiyo haitozwi ada ya kufunguliwa. Maana yake chama chetu chaweza kuwa mdai. Lakini ada ya korti si gharama zote. Mashahidi hula, na daktari hulipwa.

La tatu, mtasema sisi ni watu wa reli, mambo ya mashamba na walinzi yatuhusu nini? Mwaulizaje hivyo, nanyi mwapita kando ya mashamba hayo kila siku mkikagua mataruma? Wake zenu huokota kuni wapi? Watoto wenu hupita wapi kwenda shule? Uzio hauulizi kama wewe ni mwanachama wa chama gani.

La nne ndilo zito kuliko yote, na lilisemwa na ndugu mmoja ambaye kaka yake ni mlinzi. Alisema, "Mtatumia fedha za wafanya kazi kuwashtaki wafanya kazi." Tumelifikiri sana neno hilo. Ni kweli kwamba soja wa getini ni mfanya kazi kama sisi. Hukesha usiku kucha katika baridi ya Naro Moru. Mara nyingi mshahara wake ni mdogo kuliko wetu, na ikiibwa nguzo moja ya uzio hukatwa yeye. Siku ya shida kampuni humtupa nje kama makaa yaliyokwisha kuungua, kama walivyotupwa wale waliompiga ndugu yetu, tena bila kuulizwa nani aliyewapa amri.

Hatusemi mlinzi aliyevunja mkono wa mtu asiulizwe. Na aulizwe. Lakini twasema mfuko huu usitumiwe kumfuata mlinzi peke yake. Barua ya kwanza ya wakili iende kwa kampuni iliyompa rungu na kwa mwenye shamba aliyeikodi kampuni. Na mlinzi aliyekataa amri mbaya, au aliye tayari kusema kweli mbele ya hakimu, mfuko umsaidie naye, maana ataipoteza kazi yake siku ile ile. Twapendekeza pia viongozi wetu wakutane na chama cha wafanya kazi wa ulinzi kabla ya mkutano mkuu, wakae pamoja kama ndugu. Tukiwaacha walinzi upande wa pili wa uzio, tutakuwa tumemfanyia mwenye shamba kazi yake bure.

Kabla mfuko haujaanza, kila mwanachama ashike mambo haya. Ukiumizwa, au mwenzako akiumizwa, nenda polisi siku hiyo hiyo na uandike namba ya kitabu. Nenda hospitali, na kila karatasi uiweke, hata ile ya dawa. Andika tarehe, saa, mahali, na rangi ya sare. Pata majina ya watu wawili walioona. Kisha mletee habari katibu wa tawi kabla siku 7 hazijapita. Usingoje mkono upone, wala usikubali bahasha ya meneja kabla hujaonyesha mtu karatasi unayotakiwa kutia sahihi.

Ndugu yetu aliyevunjika mkono yupo. Siku hizi hukaa stoo akihesabu misumari, na hulipwa pungufu. Tulimwuliza kama atakubali tuandike habari yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Andikeni. Langu limekwisha, lakini huenda likamsaidia wa kesho." Tulipomwambia habari ya Shs. 20 alitoa mfukoni mwake kwa mkono wa kushoto, akawa mtu wa kwanza katika orodha.

Orodha iko kwa makatibu wa matawi. Njoni mkutanoni, mbishane nasi mkitaka, kisha mpige kura. Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni nguvu.